SOMO: KUONJA KAHAWA



Wengi wetu hapa Kigali tunachambua kahawa kutwa nzima, lakini bei yake huamuliwa na mtu mwenye kijiko. Basi tuijue kazi ya kijiko hicho.

Mwonjaji hupanga vikombe vitano vya kahawa ya fungu moja. Kila kikombe hutiwa gramu 8 na robo za kahawa iliyokaangwa na kusagwa, kwa mililita 150 za maji. Kwanza hunusa unga mkavu. Kisha humimina maji ya nyuzi 93 hivi, akangoja dakika 4. Utando ukishajikusanya juu, huuvunja kwa kijiko huku pua ikikaribia kikombe, maana hapo harufu hutoka kwa nguvu. Huondoa povu, na kahawa ikipoa kidogo huivuta kwa sauti ienee ulimi mzima, halafu huitema. Msicheke, sauti hiyo ni sehemu ya kazi. Hupima uchachu, utamu, uzito mdomoni na ladha inayobaki. Katika alama 100, kahawa ya 80 na zaidi huhesabiwa ya daraja la juu. Mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya mashindano ya Cup of Excellence, na huko nako kijiko ndicho kilichoamua.

Kila kasoro ina chanzo chake. Ladha ya kuoza hutokana na kahawa kuchachuka kupita kiasi kwenye kituo cha kuoshea. Ladha ya gunia ni ya ghala: mvinyo wa Barolo kule Italia huzidi kuwa mzuri ukikaa miaka, lakini kahawa ikikaa huchakaa. Na ile ladha ya kiazi ulaya kibichi, tunayoiogopa zaidi Rwanda, wataalamu huihusisha na antestia, mdudu anayetoboa tunda shambani. Punje yake mara nyingi haina alama yoyote, na jicho la mchambuzi haliwezi kuikamata. Punje moja huharibu kikombe kimoja tu, ndiyo maana vikombe ni vitano.

Mwajiri mmoja aliwakata mama zetu wachambuzi mshahara kwa ladha hiyo ya kiazi. Tuliomba ionjwe mbele yetu. Kikombe kimoja kilinuka kiazi, vinne vilikuwa safi. Makato yalisimamishwa, ya mwezi uliotangulia bado tunayadai.