Somo la afya: Si kila choo chenye damu ni amiba

Mtoto akitoa choo chenye damu, wazazi wengi mjini Thika na Ruiru hukimbilia kwanza duka la dawa. Huuziwa dawa ya amiba. Damu ikirudi baada ya wiki mbili, hununuliwa antibiotiki, kisha dawa ya minyoo. Mara nyingi chanzo huwa kweli ni maambukizi, na matibabu sahihi humponya mtoto. Lakini kwa watoto wachache tatizo ni jingine, na kila mwezi unaopotea huwagharimu damu, uzito na kimo.

Tatizo hilo ni ugonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo, ambao madaktari huuita kwa kifupi IBD. Una aina kuu mbili. Ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa mwaka wa 1932 na daktari Burrill Crohn na wenzake wa New York, unaweza kushika sehemu yoyote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Kolaitisi ya vidonda hushika utumbo mpana pekee. Ugonjwa huu hauambukizi, si laana, na mama hakuusababisha kwa chakula alichopika.

Wakazi wa utumbo

Ndani ya utumbo wa kila mtu huishi matrilioni ya bakteria, wengi wao wenye manufaa. Tunapokula githeri, njahi au sukuma wiki, nyuzinyuzi ambazo tumbo haliwezi kusaga hufika kwenye utumbo mpana. Huko bakteria huzichachusha na kutoa kemikali iitwayo butireti. Hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana, na pia hutuliza uvimbe.

Juu ya ukuta huo kuna utando wa ute unaozuia bakteria kugusana na mwili moja kwa moja. Kinga ya mwili hukaa nyuma yake kama bawabu. Tangu utotoni hujifunza nani ni mkazi na nani ni mvamizi.

Kwa mtoto mwenye IBD, mpangilio huu huvurugika. Uchunguzi wa watoto waliogunduliwa karibuni kuwa na ugonjwa wa Crohn umeonyesha kwamba bakteria wenye manufaa, wakiwemo wanaotengeneza butireti, hupungua, huku wale wa jamii ya E. koli wakiongezeka. Kinga huanza kushambulia bila kukoma, na vidonda hutokea. Bakteria si sababu pekee: kuna pia urithi wa jeni na mazingira. Sayansi bado haijaamua kama bakteria hubadilika kwanza na kuleta uvimbe, au uvimbe ndio huwabadilisha.

Funzo kutoka Kwale

Jinsi bakteria na uvimbe vinavyoandamana imeonekana hapa Kenya pia, kwa watoto wasio na IBD. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, watoto 115 wa miezi 6 katika pwani ya kusini walipewa uji wa mahindi wenye unga wa virutubishi kwa miezi 4. Waliopata unga wenye madini ya chuma waliongezeka bakteria wa jamii ya E. koli. Choo chao pia kilikuwa na kalprotektini zaidi, protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu utumbo unapovimba.

Mwaka wa 2017 ulichapishwa utafiti wa pili, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha JKUAT kilichoko Juja, kati ya Ruiru na Thika. Safari hii watoto wengine waliongezewa sukari maalum inayowalisha bakteria wazuri, na madhara mengi ya chuma kwa bakteria yalipungua. Maziwa ya mama yana sukari za namna hiyo kwa asili: mtoto hawezi kuzisaga, bali bakteria wake wazuri ndio huzila.

Mzazi asiache kumpa mtoto madini ya chuma aliyoandikiwa kliniki. Upungufu wa damu ni hatari kubwa kwa mtoto. Funzo ni kwamba tunachomlisha mtoto huwalisha pia bakteria wake.

Dalili za kuangalia

Mtoto apelekwe hospitalini, si duka la dawa, akiwa na:

• damu kwenye choo, hata mara moja;
• kuhara kwa siku 14 au zaidi, au kunakorudi kila mara;
• maumivu ya tumbo yanayomwamsha usiku;
• uzito unaoshuka, au mstari wa ukuaji kwenye kijitabu cha mama na mtoto uliosimama;
• homa zisizoeleweka, vidonda mdomoni au karibu na njia ya haja kubwa, maumivu ya viungo au uchovu.

Mtoto akifika, mhudumu huanza kwa kupima choo na damu ili kutafuta maambukizi. Kifua kikuu cha utumbo pia hufanana na ugonjwa wa Crohn, kwa hiyo lazima kiondolewe kwanza. Vipimo hivyo visipoonyesha chanzo, kipimo cha kalprotektini huweza kuonyesha kama utumbo umevimba. Uthibitisho hutokana na kuangalia utumbo kwa kamera na kuchukua kipande kidogo cha nyama kupimwa, kwa rufaa ya daktari.

IBD haina tiba ya kuimaliza kabisa, lakini dawa huituliza. Kwa watoto wenye ugonjwa wa Crohn, lishe maalum ya maji pekee kwa wiki 6 hadi 8 chini ya daktari inaweza kutuliza uvimbe. Inaaminika kwamba inafanya kazi kwa sehemu kwa kubadilisha bakteria.

Kulinda utumbo wa mtoto

Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha uendelee hadi miaka 2 pamoja na vyakula vingine. Mtoto mkubwa apewe maharagwe, ndengu, mboga za kienyeji, nduma na matunda. Usimpe antibiotiki bila kuandikiwa na mhudumu: huua bakteria wazuri pamoja na wabaya, na tafiti zimehusisha matumizi ya mara kwa mara utotoni na hatari zaidi ya IBD.

Unapokwenda Thika Level 5, Ruiru Level 4 au kituo kilicho karibu, beba kijitabu cha kliniki na paketi za dawa zote ambazo mtoto amekunywa. Mweleze mhudumu damu ilianza lini na imerudi mara ngapi. Maelezo hayo yanaweza kumwokolea mtoto miezi mingi ya kutibiwa amiba asiyokuwa nayo.