Tuanze Kidogo Kidogo: Somo la Mazoezi ya Mwili kwa Vikundi



Katika vikundi vyetu tumezoea kujifunza juu ya kuku, mboga, vyoo na akiba. Leo tunaomba mweke kando daftari la merry-go-round kwa muda wa nusu saa, tuzungumze juu ya mwili wenyewe unaofanya kazi hizo zote. Katibu asome kwa sauti, na kila sehemu ijadiliwe kabla ya kuendelea na nyingine.

1. "Mimi nalima, mazoezi ya nini?"

Tukilitaja neno mazoezi, karibu kila mara kuna mama anayesimama na kusema: "Mwalimu, mimi nimeamka saa kumi na moja, nimechota maji, nimepalilia, nimebeba kuni. Sasa unataka nikimbie barabarani kama mtoto wa shule?"

Watu hucheka, lakini mama huyo amesema kweli. Anayelima kwa jembe, anayevuta nyavu kule Mbita au Muhuru, anayekata miwa Awendo, huyo hadaiwi jasho. Hatuji kumwongezea mzigo. Yeye anahitaji kunyoosha mgongo na kupata usingizi wa kutosha.

Swali letu ni lingine. Ni wangapi kati yetu bado wanaishi hivyo? Hebu tuhesabu bila kuona haya. Zamani watu wengi walikwenda soko la Rodi Kopany au Oyugis kwa miguu. Leo boda inatuchukua mlangoni na kuturudisha mlangoni. Kijana wa boda mwenyewe amekaa juu ya pikipiki tangu asubuhi hadi usiku. Fundi wa cherehani amekaa. Mwenye duka na mwenye kibanda cha M-Pesa wamekaa. Mzee aliyewaachia wanawe shamba amekaa chini ya mti. Jembe limetoka mkononi, lakini ugali kwenye sahani umebaki ule ule.

Somo hili ni la hao waliokaa. Kama wewe si mmoja wao, fikiria yule wa nyumbani kwako.

2. Kukaa kuna hasara gani?

Jambo hili lilichunguzwa zamani kule London. Daktari mmoja aliyeitwa Jerry Morris aliwaangalia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva alikaa kwenye kiti siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi hilo hilo akikusanya nauli. Mwaka 1953 matokeo yalichapishwa: makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva. Tofauti kubwa kati ya kazi zao ilikuwa zile ngazi.

Tusiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Kuna uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990 kuhusu Wajaluo waliotoka vijijini, upande wa kaskazini wa Ziwa Victoria, wakahamia Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Baada ya muda mfupi tu mjini, presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Watafiti waliona kwamba walikuwa wanakula chumvi zaidi, na uzito wao pia ulikuwa mkubwa zaidi. Damu yao ilikuwa ile ile ya nyumbani. Kilichobadilika ni maisha.

Siku hizi si lazima uhamie Nairobi ili upate maisha ya Nairobi. Yametufuata Rongo, Ndhiwa na Kehancha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne hapa Kenya alikuwa na presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa. Presha haipigi hodi. Mtu anajiona mzima kabisa, na siku moja anaanguka, mkono mmoja haufanyi kazi na maneno hayatoki. Hapo watu wa boma huanza kuulizana nani amemroga, kumbe ni mshipa wa damu ulioziba au kupasuka kichwani.

3. Kabla ya kuanza, tupimwe

Tangu Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya wa vijijini mikoba yenye vifaa, na kati ya vifaa hivyo kuna mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Mwenyekiti amwalike mhudumu wa eneo lenu kwenye mkutano, na kila mtu apimwe. Ikiwa hapatikani, nendeni kituo cha afya kilicho karibu.

Mhudumu atawapa namba mbili. Ikiwa namba ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi, tena kwa siku tofauti, mtu huyo amwone daktari au muuguzi. Anaweza kutembea polepole huku akitibiwa. Lakini ikiwa ya juu imefika 180 au ya chini imefika 110, asianze mazoezi kwanza. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo moja tulitilie mkazo: mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Usiache vidonge vya presha, vya sukari wala ARV kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unazimeza. Daktari ndiye atakayesema kama zinaweza kupunguzwa.

4. Ratiba ya wiki sita

Kosa la wengi ni kuanza kwa nguvu. Siku ya kwanza mtu anakimbia kuelekea kilima cha Got Asego, siku ya pili magoti yamevimba, siku ya tatu amesema mazoezi ni mabaya. Mwili ni kama akiba ya chama. Anayeleta shilingi 50 kila wiki humshinda aliyeleta 1,000 siku moja kisha akapotea.

Wiki ya 1 na ya 2: tembea dakika 10 kwa siku, siku 5 za wiki. Nenda dakika 5, geuka, rudi.

Wiki ya 3 na ya 4: tembea dakika 20 kwa siku, siku 5.

Wiki ya 5 na ya 6: tembea dakika 30 kwa siku, siku 5. Hapo umefikisha dakika 150 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima afikishe angalau hizo.

Mwendo uwe gani? Tembea kama mtu anayewahi matatu, si kama anayekwenda kuangalia mahindi. Uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuzungumza, punguza.

Ikiwa wiki moja imekushinda, irudie. Hakuna faini. Na ikiwa nafasi ya dakika 30 haipatikani kwa mara moja, gawanya: 15 asubuhi na 15 jioni. Njia rahisi ni kushuka kwenye boda kabla ya kufika nyumbani na kumalizia kwa miguu. Nauli nayo inaweza kupungua.

5. Mazoezi ya nguvu, siku mbili kwa wiki

Haya hayahitaji chombo chochote. Yafanyeni mwanzoni mwa mkutano, kisha kila mtu ayarudie nyumbani siku nyingine.

(a) Kaa kwenye kiti kigumu kisichoyumba. Simama bila kujishika, keti tena polepole. Mara 8. Anayeshindwa aanze kwa kujishika.

(b) Simama ukielekea ukuta, hatua moja kutoka ukutani. Weka viganja ukutani, kunja viwiko mpaka uso ukaribie, jisukume urudi. Mara 8.

(c) Shika mwimo wa mlango, inua visigino, simama kwa vidole vya miguu, shuka. Mara 10.

(d) Shika mwimo huo huo, inua mguu mmoja, hesabu mpaka 10, kisha mwingine. Hili ni la wazee hasa, kwa sababu mzee akianguka na kuvunjika nyonga, anaweza kukaa kitandani muda mrefu. Mzee alifanye siku tatu kwa wiki.

Pumua kawaida, usibane pumzi. Misuli kuuma kidogo kesho yake ni kawaida kwa anayeanza. Maumivu makali ndani ya goti au kiungo si kawaida: pumzika, na yakiendelea uonwe.

6. Tahadhari

Tembeeni mapema asubuhi kukishapambazuka, au jioni jua likishapoa. Kwenye barabara ya lami, hasa ile ya Rongo kwenda Isebania, tembeeni upande wa kulia ili muyaone magari yanayokuja. Kunyweni maji safi. Vaa kiatu kisichovuka mguuni. Akala zilizofungwa vizuri zinatosha, lakini patapata zitakuangusha.

Mwenye ugonjwa wa sukari ale kabla ya kutoka, abebe peremende, na akague nyayo zake akirudi, kwa maana kidonda kidogo kwake si kidogo. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ule wengi huuita sikoseli, anywe maji mengi, apumzike mara kwa mara na asijichoshe. Mama mjamzito anaweza kutembea, lakini amuulize muuguzi wa kliniki kwanza. Mwenye homa apumzike na apimwe malaria.

Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au pumzi inakatika kupita kiasi, simama hapo hapo. Ikiwa ni kifua, usingoje kesho. Wenzako wakupeleke hospitali.

7. Kwa nini kikundi?

Mtu peke yake huanza Jumatatu na kuacha Alhamisi. Pia kuna aibu. Mama akionekana anatembea haraka bila mzigo kichwani, majirani wanauliza kama kuna msiba. Wakiwa sita, hakuna anayeuliza, na huenda wa saba akajiunga.

Kwa hiyo gawaneni wawili wawili kwa ujirani. Katibu afungue ukurasa mmoja wa daftari: jina, presha ya kwanza, siku alizotembea kila wiki. Presha ya mtu ni siri yake, basi asiyetaka iandikwe asilazimishwe. Baada ya wiki sita mpimwe tena. Pengine namba zitashuka kidogo, pengine hazitashuka bado. Lakini angalieni pia mengine: nani anapanda kilima cha nyumbani bila kusimama katikati, nani analala vizuri, nani anainuka kitini bila kusema "aa, mgongo".

Maswali ya kujadili

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayekaa zaidi ya nusu ya siku? Kazi yake ni gani?
2. Ni safari gani fupi tunayolipia boda ambayo tungeweza kwenda kwa miguu?
3. Je, tunamjua mtu aliyepooza ghafla? Alikuwa amewahi kupimwa presha?
4. Nani atamwalika mhudumu wa afya, na kwa tarehe gani?

Msifunge mkutano kabla ya kujibu swali la nne na kuliandika jina la mtu na tarehe kwenye daftari. Kisha simameni wote, mfanye zoezi la (a) pamoja, mara 8. Hapo mtakuwa mmeshaanza.