Kabla Hujatia Sahihi: Mwongozo wa Kununua Samaki wa Baharini Jijini Nairobi

Mwongozo huu ni wa watu wanaompokea samaki kabla mlaji hajamwona: karani wa manunuzi wa hoteli ya katikati ya jiji, mpishi mkuu wa mkahawa wa Westlands au Lavington, mwenye meza ya samaki katika Soko la City mtaa wa Muindi Mbingu, na mama samaki wa Kangemi au Kawangware anayepanga tilapia na changu kwenye sinia moja. Samaki wengi wanaoliwa Nairobi hutoka ziwani na huingia jijini kwa upande wa magharibi, wakiteremka barabara ya Waiyaki. Wa baharini hupanda kwa barabara ya Mombasa, karibu kilomita 480, ndani ya masanduku ya barafu. Hao wa pili ndio tunaowazungumzia hapa.

Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 haimtazami mvuvi peke yake. Samaki aliyevuliwa kinyume cha sheria ni kosa mikononi mwa anayemsafirisha, anayemuuza na anayemweka kwenye friji. Kwa hiyo sahihi unayotia kwenye hati ya kupokelea mzigo ina uzito kuliko unavyodhani saa kumi na mbili asubuhi, dereva akikuharakisha.

Vijiweni utasikia kwamba tatizo la uvuvi haramu ni meli za kigeni. Ni kweli kwamba zipo, na ni kweli kwamba wizi wa samaki katika bahari kuu ni mkubwa. Ndiyo maana Kenya ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa kukagua meli za uvuvi bandarini, ulioanza kutumika mwaka 2016, na ndiyo maana Walinzi wa Pwani walizinduliwa Novemba 2018. Mwezi huohuo mkutano mkubwa wa uchumi wa buluu ulifanyika KICC, jumba la mikutano la katikati ya jiji. Kutoka KICC hadi Soko la City ni mwendo wa miguu tu. Sidhani kama wajumbe wengi waliupiga. Wangeupiga wangeona upande wa pili wa shauri hili, ambao hauhitaji meli ya doria. Mvuvi mdogo hutega kile kinachonunuliwa. Zana iliyopigwa marufuku Kwale au Kilifi itarudi majini usiku ikiwa jiko la Nairobi linaagiza kila wiki kile ambacho zana hiyo pekee inakivua kwa wingi.

Saizi ya sahani

Ombi linaloharibu mwamba kuliko mengine yote ni hili: “Niletee samaki wa saizi ya sahani.” Mkahawa unataka samaki mzima, kichwa na mkia vikae ndani ya sahani, bei iwe moja kwa kila mteja. Kwa tafi ombi hilo halina neno, maana tafi wa kimo hicho ni mtu mzima na huenda ameshazaa. Kwa tewa au kungu mambo ni mengine. Kungu, ambaye menyu nyingi humwita “red snapper”, akitosha sahani bado ni mtoto. Tewa ana jambo lake zaidi: aina nyingi za tewa huanza maisha wakiwa majike, na baadhi hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Ukiwamaliza wachanga unakata kizazi. Ukiwamaliza wakubwa wote unawaacha majike bila madume. Kwa hiyo agiza tewa wakubwa kiasi, wa kukatwa vipande, na usiwafanye chakula cha kila siku.

Pono naye anastahili kuachwa baharini zaidi ya anavyoachwa. Hula mwani unaotaka kuyafunika matumbawe, na mwamba usio na pono huota kijani ukadhoofika. Nyama yake ni laini na huharibika haraka, kwa hiyo hata kwa safari ya kilomita 480 ni chaguo baya.

Basi badilisha oda. Anayetaka samaki mzima mpe tafi. Kwa minofu na vipande agiza kolekole, nguru au jodari waliovuliwa kwa mshipi. Oda ya kudumu inayosema “kungu kilo arobaini kila Ijumaa” iandikwe upya iseme “samaki mkubwa wa msimu, jina litajwe kwenye risiti.” Mpishi atanung’unika wiki ya kwanza kwa sababu menyu inambana, lakini menyu ni karatasi, ichapishwe upya.

Kumbuka pia upepo. Kusi inapovuma, takriban Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na mitumbwi midogo hutoka mara chache. Mletaji anayekujazia oda ileile ya samaki wa mwambani Julai nzima, kwa bei ya Januari, ana la kueleza. Labda ana stoo ya barafu. Labda anakuuzia kitu kingine kwa jina lile.

Unapofungua sanduku

Usipokee samaki kwa mzani peke yake. Mimina sehemu ya sanduku kwenye meza na utazame.

Ukiona changu, tafi, pono na mkundaji wamechanganyika, wote wa urefu wa kiganja, wengine na mchanga kwenye matamvua, hapo fikiria juya la kukokota. Juya huvutwa hadi ufukweni likipita juu ya nyasi za bahari na matumbawe, na halichagui. Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001 na bado linavutwa. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki nazo ni haramu: hazionekani majini, na zikikatika huendelea kuua bila mwenyewe. Tundu moja safi nyuma ya kichwa au ubavuni ni alama ya bunduki ya mshale, iliyopigwa marufuku pia. Mshipi huacha jeraha mdomoni. Samaki wa namna hiyo mpokee kwa furaha.

Baruti si desturi ya Kenya siku hizi, lakini upande wa Tanzania, hasa Tanga, ilisumbua kwa miaka mingi ingawa sheria iliikataza tangu 1970. Samaki aliyelipuliwa kwa nje anaweza kupendeza. Mpasue: uti wa mgongo umevunjika, damu imetapakaa tumboni, kibofu cha hewa kimepasuka. Huoza upesi pia, hivyo hata asiyejali sheria atapata hasara.

Kamba koche, yule mkubwa wa miiba anayeuzwa ghali kuliko wote, mgeuze chali. Jike mwenye mayai hubeba shada la rangi ya chungwa au kahawia chini ya mkia, na ni marufuku kumvua. Wajanja humswaki mayai kabla ya kumpakia. Tazama vile vijani laini vilivyo chini ya mkia: vikiwa vimechanika, vimekatwa au vina masalia ya mayai kwenye kingo, ujue brashi imepita. Ukaguzi huu unachukua nusu dakika kwa kila kamba, na kwa bei anayouzwa, nusu dakika si nyingi.

Kamba wadogo wana shauri la tarehe. Meli za kukokota za Ghuba ya Ungwana, kati ya Malindi na delta ya Tana, zilisimamishwa mwaka 2006 baada ya ugomvi mrefu na wavuvi wadogo, kisha zikarudi chini ya mpango wa usimamizi wa mwaka 2010. Mpango huo huzifungia kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi. Kwa bahati mbaya msimu wa kufunga unaangukia Krismasi, wakati kila hoteli inataka kamba. Kamba wa meli aliyegandishwa Oktoba anaweza kuuzwa Desemba bila kosa, lakini tarehe ya kuvuliwa iwe imeandikwa kwenye katoni. Anayeitwa “freshi wa meli” Desemba, mkatae.

Minofu iliyochunwa ngozi ni mlango wa udanganyifu. Mbuta wa Ziwa Victoria akishachunwa na kukatwa anaweza kupita kwa jina la tewa, na bei ikapanda njiani. Dai ngozi iachwe upande mmoja. Kuhusu kasa na nguva hakuna mjadala: hawauzwi, hawaliwi, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda.

Karatasi

Mwombe mletaji leseni yake ya biashara ya samaki, kibali cha kusafirisha mzigo, na risiti inayotaja aina ya samaki, mahali alipopakuliwa, zana iliyomvua na tarehe. “Pwani” si mahali. Kipini, Ngomeni, Shimoni, Vanga, Kizingitini ni mahali, na kila bandari ndogo kama hizo ina kikundi cha usimamizi wa ufuo, kilichowekwa kwa kanuni za mwaka 2007, ambacho kazi yake mojawapo ni kuandika kilichopakuliwa. Kwa hiyo mletaji mwaminifu ana pa kuanzia. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba pesa zilitumwa, basi, hausemi kilichonunuliwa.

Mama samaki anayenunua kilo kumi hana nguvu hizo, na si haki kumdai karatasi ambazo hoteli ya nyota tano haijawahi kuziomba. Wanawake watano au sita wa soko moja wakichanga na kununua kwa mletaji mmoja, wanaweza kudai risiti moja na kila mmoja akabaki na nakala. Daftari la shule linatosha: tarehe, jina la mletaji, aina, kilo. Afisa wa kaunti akifika, daftari hilo litamtetea kuliko maneno.

Ukikuta kosa

Kumrudishia dereva sanduku kimyakimya hakutoshi. Litauzwa mtaa wa pili kabla ya saa sita. Piga picha samaki na lebo, andika namba ya gari na saa, ukatae mzigo kwa maandishi, nakala abaki nayo dereva. Kisha peleka taarifa kwa KeFS, shirika la serikali linalosimamia uvuvi, au kwa afisa wa uvuvi wa kaunti. Na kama ni kasa, kwa KWS, shirika la wanyamapori, makao makuu barabara ya Lang’ata. Usimhifadhi samaki huyo kwenye friji yako “kama ushahidi” bila kuagizwa na afisa, kwa sababu akikutwa humo bila taarifa yoyote iliyoandikwa, anayeulizwa kwanza ni mwenye friji.