Somo la Ushonaji: Gauni la Mwanamke Mfupi Halipunguzwi Kwenye Upindo Peke Yake



Vikundi vya ushonaji vilivyomo katika vyama vyetu vinalijua lalamiko hili. Mama ameleta kitenge chake, amepimwa, ametoa malipo ya awali, kisha amerudi kwake mlimani. Siku ya kuchukua gauni analivaa mbele ya fundi. Kifua kimemtosha, kiuno kimemtosha, na urefu ni ule ule alioutaka. Hata hivyo mabega yanamwanguka, kiuno cha gauni kimekaa chini ya kiuno chake, na anapoinua mkono gauni zima linapanda pamoja nao. Fundi hupunguza upindo kidogo, hubana ubavuni kidogo, na mteja huondoka akiwa ameridhika nusu. Safari nyingine hukipeleka kitambaa chake mahali pengine.

Mara nyingi kosa hili halitokani na uzembe wa fundi wala ubovu wa cherehani. Ni kosa la hesabu, nalo hutendeka kabla mkasi haujagusa kitambaa. Shabaha ya somo hili ni kuonyesha hesabu hiyo ilivyo na jinsi ya kuisahihisha. Mwanamke mfupi mwenye umbo dogo si mwanamke mrefu aliyepunguzwa miguuni, wala si mtoto. Ufupi wake umegawanyika mwilini mwote, kuanzia bega hadi kifundo cha mguu, na gauni lake halina budi kugawanywa vivyo hivyo.

MTU MFUPI NI NANI?

Katika biashara ya nguo ya Marekani, mwanamke asiyezidi kimo cha sentimita 163 huhesabiwa kuwa mfupi, naye hutengenezewa vipimo vya pekee. Vigezo vya karatasi vya kawaida vinavyouzwa huko hukadiriwa kwa mwanamke wa sentimita 165 hadi 168. Asili ya hesabu hizo ina historia. Katika miaka ya 1939 na 1940 serikali ya Marekani iliwapima wanawake wapatao 15,000 ili kupata vipimo vya kutumiwa viwandani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1941. Hesabu zilizotumiwa zilikuwa za wanawake weupe tu.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Kimo cha wastani cha mwanamke wa Tanzania ni kama sentimita 156. Maana yake ni kwamba yule anayeitwa mfupi katika vigezo vya kigeni ndiye mteja wetu wa kila siku katika soko la Morogoro, Matombo au Mgeta. Fundi anayekata kwa kufuata kigezo cha kigeni, au anayefumua gauni la mtumba na kulifanya kigezo, anamkatia mtu ambaye hayumo katika foleni ya wateja wake.

VIPIMO VINAVYOSAHAULIKA

Daftari nyingi za mafundi huandikwa mizunguko, yaani kifua, kiuno na nyonga, kisha urefu wa gauni zima. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini havitoshi. Mizunguko hueleza unene wa mtu. Haielezi kiuno chake kiko umbali gani kutoka begani. Kabla ya kupima, mfunge mteja kamba nyembamba kiunoni na kumwomba ainame na kuinuka mara mbili. Kamba itatulia penye kiuno chake halisi. Kisha andika vipimo hivi saba:

1. Kimo cha mtu bila viatu.
2. Mgongo: kutoka mfupa ujitokezao chini ya shingo kwa nyuma hadi kwenye kamba.
3. Kutoka begani, karibu na shingo, hadi ncha ya ziwa.
4. Upana wa bega moja, kutoka shingoni hadi ncha ya bega.
5. Kutoka kwenye kamba hadi mahali nyonga zinapopanuka zaidi.
6. Kutoka kwenye kamba hadi mahali anapotaka upindo uishie, akiwa amevaa viatu anavyovivaa siku zote.
7. Mkono: kutoka ncha ya bega hadi kiwiko, kisha hadi kifundo cha mkono.

MFANO WA HESABU

Tuseme amekuja mama mwenye kimo cha sentimita 150. Kigezo tulicho nacho kinalingana naye kwa kifua, kiuno na nyonga. Tulinganishe marefu.

Mgongo: kigezo sentimita 41.5, mteja 37.5, tofauti 4.
Kiuno hadi nyonga: kigezo 23, mteja 18, tofauti 5.
Kiuno hadi upindo: kigezo 63, mteja 55, tofauti 8.
Gauni zima kwa nyuma: kigezo 104.5, mteja 92.5, tofauti 12.

Fundi mwenye haraka huona ile 12 ya mwisho tu, akaikata yote chini. Gauni litakuwa na urefu sahihi, lakini kiuno chake kitakaa sentimita 4 chini ya kiuno cha mteja, na sehemu ya nyonga itakaa sentimita 9 chini ya nyonga zake. Nguo iliyochongwa kwa ajili ya nyonga itaning'inia mapajani, na penye nyonga zenyewe itabana. Hapo ndipo huzaliwa yale maneno kwamba fulani ana umbo baya. Umbo halina kosa. Kosa limo katika karatasi.

KUPUNGUZA KIGEZO

Sentimita 12 za mfano wetu tutazitoa mahali pane. Chora kwenye karatasi mistari iliyonyooka, inayokatiza uelekeo wa urefu wa kitambaa, kisha kunja karatasi na kuibandika.

Mahali pa kwanza ni juu ya kifua, katikati ya mkato wa kwapa. Hapa toa sentimita 1.5 mbele na nyuma. Kwa kuwa mkato wa kwapa umepungua, sehemu ya juu ya mkono wa gauni nayo ipunguzwe kwa kipimo hicho hicho, ama sivyo mkono utazidi na kufanya marinda begani. Mahali pa pili ni kati ya kwapa na kiuno. Toa sentimita 2.5. Jumla ya hizo mbili ni ile 4 ya mgongo. Mahali pa tatu ni kati ya kiuno na nyonga; toa sentimita 5. Mahali pa nne ni chini ya nyonga. Toa sentimita 3 zilizobaki. Kama sketi ni ya kupanuka, zitoe kwa kukunja katikati ya sketi wala si kwa kukata chini, ili upana wa upindo usipotee.

Angalia jambo moja linalowakosesha wengi. Ukunjo huwa na pande mbili. Ukitaka kutoa sentimita 1.5, kina cha ukunjo kiwe robo tatu ya sentimita. Ukikunja kina cha sentimita 1.5 utakuwa umetoa 3.

Baada ya kukunja, mistari ya ubavuni na ya kwapa itakuwa imevunjika. Ichore upya kwa mviringo laini. Kagua mikunjo ya kubania kifua. Ncha zake zielekee kwenye ncha ya ziwa na kukoma sentimita 2 au 3 kabla ya kuifikia. Linganisha upana wa bega na kipimo cha nne. Mwisho, gawa upya nafasi za vifungo na pandisha mifuko, kwa sababu mfuko uliowekwa kwa mtu mrefu huufanya mkono wa mtu mfupi uutafute chini.

KWAPA LA MWANAMKE WA MLIMANI

Baadhi ya mafundi hudhani kwamba kwapa likikatwa chini sana mkono utapata nafasi zaidi. Ukweli ni kinyume. Kwapa likiwa chini, mkono wa gauni huwa umeshikamana na ubavu, na mtu akiinua mkono huuvuta ubavu mzima. Kwapa lililopanda karibu na kwapa la mwili, bila kulibana, huuacha mkono uinuke huku gauni likibaki mahali pake.

Jambo hili si dogo kwa wanachama wetu. Mama anayeteremka na mboga kutoka Mgeta, au na ndizi na matunda kutoka Kinole na Matombo, huweka ngata kichwani na mkono mmoja ukishika mzigo. Njia za Uluguru ni za kupanda na kushuka. Gauni linalopanda kila anapoinua mkono humvua heshima njiani. Sketi ndefu au nyembamba mno humnasa hatua penye mteremko na inaweza kumwangusha. Kwa hiyo ile sentimita 1.5 inayotolewa juu ya kifua ndiyo yenye thamani kuliko zote, nayo ndiyo inayosahauliwa zaidi. Katika mzunguko wa kifua ongeza sentimita 6 hadi 8 za nafasi ya kujongea, na zaidi kidogo kwa anayevaa sweta ndani wakati wa baridi ya milimani.

KITENGE NA KHANGA

Loweka kitambaa cha pamba, kikaushe na kukipiga pasi kabla ya kukata. Pamba mpya hurudi, na hasa kwa urefu. Gauni la mwanamke mfupi lililohesabiwa barabara huharibika upesi likirudi baada ya kukatwa.

Katika kitenge, chagua pamoja na mteja mahali pa kuweka maua makubwa. Ua moja lenye upana wa kifua kizima hummeza mtu mwenye umbo dogo. Maua madogo au ya kadiri, na mistari ya kusimama, humkaa vizuri zaidi. Lakini mwenye kitambaa ndiye mwenye uamuzi. Fundi hushauri, haamrishi.

Khanga hutufundisha somo hili vizuri kuliko kitu chochote. Ina pindo pande zote, mji katikati, na jina lake. Ukishona sketi ya gauni kwa kuacha pindo liwe chini, upindo umekwisha kuamuliwa. Huwezi kupunguza hapo bila kuukata urembo wenyewe. Kila sentimita ya kupunguzwa lazima itoke juu. Fundi aliyezoea kukata chini hukwama hapa. Aliyejifunza kugawa hupita. Kwa sketi ya sentimita 55, pindo la sentimita 15 huchukua zaidi ya robo ya urefu wote. Basi tafuta khanga yenye pindo jembamba. Sehemu ya kifuani ikatwe kwenye mji wa khanga ya pili ya doti ile ile. Angalia pia jina, maana likikatwa vipande huweza kusema neno ambalo mvaaji hakulikusudia.

KUJARIBISHA

Mteja ajaribishwe gauni likiwa limepigwa bandi, si baada ya kushonwa kwa cherehani. Kwa mteja mpya ni vema kukata kwanza sehemu ya kifuani kwa shuka kuukuu. Mwombe ainue mkono kama aliyeshika mzigo, aketi, kisha apande kigoda. Soma dalili hizi:

Mikunjo ya kulala mgongoni juu ya kiuno: mgongo bado ni mrefu.
Kitambaa kinachofura mbele ya kwapa: hujatoa vya kutosha juu ya kifua.
Mshono wa bega ulioanguka kuelekea mkononi: bega ni pana.
Sketi inayobana nyonga na kulegea mapajani: kiuno hadi nyonga ni kirefu.

KITAMBAA NI AMANA

Kitambaa anachokileta mteja huenda ni mapato ya mavuno ya msimu mzima. Kiko mikononi mwa kikundi kama amana, na ushirika husimama au huanguka kwa namna unavyotunza amana. Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, daftari la kikundi liwe na nafasi ya vipimo saba vilivyotajwa, na fundi aliyepima atie saini. Pili, kigezo kilichosahihishwa kihifadhiwe katika bahasha yenye namba ya mteja, ili kazi isianze upya kila mara. Na kikundi kijitengenezee kigezo kimoja cha karatasi nene kwa ajili ya wateja wafupi, kwani watakitumia kuliko kingine chochote. Tatu, mkutano wa wanachama uamue mapema kitambaa kikiharibika nani atalipa na kutoka fungu gani. Uamuzi uliofanywa kabla ya hasara huzuia ugomvi. Uliofanywa baada ya hasara huuleta.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA KIKUNDI

1. Pimaneni mgongo wanachama wote. Ni wangapi wenye pungufu ya sentimita 41.5? Je, kigezo mnachokitumia sasa kinamfaa nani kati yenu?
2. Mteja ana mgongo wa sentimita 39 na kigezo kina 41.5. Mtatoa kiasi gani juu ya kifua, na kiasi gani chini ya kwapa? Kina cha kila ukunjo kitakuwa kipi?
3. Kwa nini sehemu ya juu ya mkono wa gauni hupunguzwa pamoja na mkato wa kwapa?
4. Katika kikundi chenu, hasara ya kitambaa kilichokatwa vibaya hulipwa na nani? Je, wanachama wote wanaufahamu utaratibu huo?

Fundi hupima mara mbili ili akate mara moja. Kwa mteja mfupi na apime marefu pia, na mkasi wake hautamtia aibu.