SOMO LA UFUNDI: SPRINGI AU TUPA?

Hapa Kisii na Nyamira kila boma lina kazi ya kukata. Tunapogoa majani chai, tunakata ndizi, na kule Tabaka wachongaji hupunguza jiwe la sabuni kwa panga na kumalizia kwa kisu. Wengi wetu hupelekea fundi wa jua kali chuma kikuukuu atutengenezee. Lakini chuma gani? Ukikosea, pesa zimepotea. Na panga likivunjika, kipande chaweza kumruka mtu jichoni.

Jambo kubwa ni kaboni. Kilo moja ya nondo ina kaboni gramu 2 au 3 hivi. Springi ya gari ina karibu gramu 6. Tupa nzuri ina gramu 10 na zaidi. Kaboni ikiongezeka, chuma hushika makali zaidi, lakini pia huvunjika upesi.

Kwa hivyo, chagua hivi:

1. Nondo: usiitumie kwa kisu. Hata ukiitia moto na kuipoza haraka, makali hayatakaa.

2. Springi: inafaa panga na shoka, yaani kazi ya kugonga. Kwanza itazame isiwe na ufa.

3. Tupa: inafaa kisu kidogo cha kukata polepole. Usifanye panga kwa tupa.

Usinunue kwa macho tu, jaribu. Pasha kipande kidogo mpaka kiwe chekundu na sumaku isikishike, halafu kitumbukize katika mafuta. Kikipoa, kibane kwa vaisi, kifunike kwa gunia, ukigonge. Kikipinda tu, hicho ni laini. Kikivunjika, kina kaboni ya kutosha.

Hapo kazi haijaisha! Kisu kikitoka kwa mafuta ni kigumu lakini kinavunjika kama glasi. Kisugue king'ae, kisha kipashe moto polepole ukitazama rangi. Kisu cha tupa kiondoe kikiwa manjano kama nyasi kavu. Panga la springi lingoje hadi buluu. Fundi akiharakisha na kuruka hatua hii, hata chuma bora kitamwaibisha.

Maswali ya kikundi:
1. Mapanga yaliyovunjika kwenu yalikuwa ya chuma gani?
2. Je, fundi wenu hurudisha chuma motoni baada ya kukipoza? Mwulizeni kabla ya kulipa.