Kabla ya Kuamini Namba ya Uhusiano

Mtafiti akikwambia kwamba elimu na kujitokeza kupiga kura vina uhusiano wa 0.6, usikimbilie kujadili sababu. Muulize kwanza: kila nukta kwenye mchoro wako ni nini? Ni mtu mmoja, wilaya, au nchi nzima? Jibu hilo peke yake linaweza kugeuza matokeo juu chini.

Mwanasosholojia W. S. Robinson alilionyesha hilo mwaka 1950 kwa kutumia sensa ya Marekani ya 1930. Alichukua majimbo 48, akalinganisha asilimia ya wakazi waliozaliwa nje ya nchi na asilimia ya wasiojua kusoma na kuandika. Uhusiano ukatoka hasi, -0.53: jimbo lenye wahamiaji wengi lilikuwa na wasiojua kusoma wachache. Alipohesabu mtu mmoja mmoja, ukawa chanya, 0.12. Wahamiaji wenyewe ndio waliozidi kidogo kwa kutojua kusoma, ila walikuwa wamehamia kwenye majimbo ambako wenyeji walisoma zaidi. Kwa hiyo ukiwa na matokeo ya kata, andika kuhusu kata. Huwezi kusema vijana walimpigia fulani eti kwa kuwa alishinda kwenye kata zenye vijana wengi. Hapo inabidi uwahoji vijana wenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu baada ya uchaguzi makabila na dini hutwishwa kura kwa hesabu za namna hii, na wanaoumia ni watu halisi.

Halafu kagua asilimia imegawanywa kwa idadi gani. Tanzania, waliojitokeza mwaka 2010 walikuwa takriban asilimia 43 ya walioandikishwa. Mwaka 2015 wakafika 67. Katikati hapo daftari la wapiga kura liliandikwa upya kwa mfumo wa BVR, yaani uandikishaji unaotumia alama za vidole. Daftari likikaa muda mrefu hubeba majina ya waliofariki, na asilimia hushuka hata kama hakuna aliyesusia kura. Gawa pia kura kwa idadi ya watu wazima wa sensa, ulinganishe.

Kwenye utafiti wa maoni, kipimo ni swali, na jibu hutegemea mhojiwa anadhani anaongea na nani. Afrobarometer, inayohoji wananchi wa nchi nyingi za Afrika tangu 1999, huwauliza pia wanadhani nani amewatuma wadadisi. Wengi hutaja serikali. Basi unapopima imani kwa rais, ligawe jedwali: wanaodhani ni serikali huku, wengine kule. Makundi yakipishana sana, huenda sehemu ya ulichopima ni woga, na uhusiano wowote utakaoujenga juu yake utaubeba woga huo.

Tena chora nukta kabla ya kukokotoa. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne za namba zenye uhusiano uleule, karibu 0.82. Zikichorwa, moja ni nukta zilizotawanyika kandokando ya mstari, nyingine ni upinde, na nyingine uhusiano wake wote unashikiliwa na nukta moja iliyojitenga. Kwenye mchoro wa pato la taifa na demokrasia, zinazojitenga mara nyingi ni nchi za mafuta kama Qatar: tajiri sana, lakini si za kidemokrasia. Kokotoa ukiwa nazo, kokotoa tena bila hizo, kisha andika namba zote mbili kwenye ripoti.