Mseto wa Safari

Nia yangu leo ni kuwaeleza namna ya kutayarisha chakula kidogo cha kubeba mtu anapopanda mlima au kulala kambini. Mimi hukiita mseto wa safari. Siyo uvumbuzi wangu, kwani wengi wetu tumekula mahindi makavu ya kukaanga na njugu tangu utotoni.

Labda utauliza, kwani soda na biskuti zina ubaya gani? Mlima Longonot una kimo cha mita 2,776, na njia ya kuzunguka ukingo wa kreta yake ni kama kilomita 7. Sukari ya soda huisha mwilini upesi, nawe ukabaki miguu inatetemeka. Njugu zina mafuta na protini, kwa hivyo nguvu yake hudumu. Gramu 100 za njugu zina takriban kilokalori 570.

Lakini chunga sana unaponunua. Mwaka jana tulipojiandaa kupanda Menengai, hapa kwetu Nakuru, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuleta njugu. Kwa siku nne nilirudi nyumbani kwa miguu ili niweke akiba ya nauli. Nikapata njugu za bei ya chini kabisa, nikafurahi kama aliyeokota dodo chini ya mwarobaini. Nyanya alizimwaga kwenye ungo, akatafuna moja, akaitema.

"Mjukuu wangu, hizi hata kuku siwapi."

"Lakini nyanya, zilizoharibika ni chache tu! Si nizichambue tu?"

"Hizo chache ndizo zitakazokulaza."

Zote zikatupwa shimoni. Nililia, sitaficha. Baadaye nikafahamu kwamba nyanya hakukosea. Nafaka na njugu zisizokauka vizuri huota kuvu, na kuvu hiyo huleta sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwaua watu 125 katika sehemu za Ukambani. Tena kukaanga hakuiondoi sumu yote. Basi, ukiona njugu zimekunjamana, zimebadilika rangi, zina ukungu au ni chungu, usizile.

Sasa tuingie jikoni. Tafuta njugu safi vikombe viwili, mbegu za malenge nusu kikombe, simsim nusu kikombe, zabibu kavu nusu kikombe na chumvi kidogo.

Kwanza, loweka njugu katika maji ya chumvi kwa dakika chache, uzichuje, kisha uzianike hadi zikauke. Pili, zikaange bila mafuta kwenye sufuria nzito, moto uwe mdogo, huku ukikoroga bila kuacha. Ukiacha tu kidogo, zitaungua nje na kubaki mbichi ndani. Tatu, kaanga mbegu za malenge peke yake, halafu simsim peke yake, kwa maana simsim huiva haraka mno. Nne, acha kila kitu kipoe kabisa ndipo uchanganye na zabibu. Ukifunika vikiwa moto, mvuke utaleta unyevu, na unyevu ndio mama wa kuvu.

Usitie chokoleti, jua la Bonde la Ufa litaiyeyusha. Tia mseto ndani ya kopo lenye kifuniko, si kwenye karatasi ya plastiki. Longonot ni mbuga ya kitaifa tangu 1983, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga zetu. Njiani, kula kiganja kimoja kila baada ya saa moja, unywe na maji. Kabla ya kumgawia mwenzako, muulize kama njugu humdhuru, kwa sababu wako wanaovimba midomo na hata kushindwa kupumua.

Siku ile ya Menengai kopo langu halikuwa na njugu hata moja. Nyanya alinipa mbegu za malenge na bisi, tukagawana watu sita, na hakuna aliyebaki nyuma. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la nyanya, na guu langu likafika juu likiwa zima.